Entebbe kwa saa za ziwa: mwongozo kamili wa mkaaji wa mji

Kinachowanyima wakaaji wengi wa Entebbe raha ya ziwa lao, Victoria, ambalo kwa Kiganda ni Nalubaale, ni saa. Wiki nzima mtu yuko kazini. Jumapili anatoka kanisani, anakula, anapumzika kidogo, kisha saa tisa alasiri anawachukua watoto kwenda ufukweni. Anakuta upepo umeshaamka na maji yamechafuka, samaki waliobaki mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapotua, wamelala juani tangu asubuhi, ndege wamejificha, na spika za baa mbili zinashindana. Anarudi nyumbani akisema ziwa halina jipya. Ukweli ni kwamba amelifikia limeshamaliza kazi yake ya siku.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa za ziwa. Mambo yaliyomo si mengi. Ni yale ambayo mtu aliyeishi mji huu mwaka mzima bila kuyafanya amepitwa, na hakuna hata moja linalohitaji gari kubwa au mshahara mkubwa. Beba kitambulisho chako cha taifa kila mara, kwa kuwa sehemu nyingi za kiingilio huwatoza raia wa Uganda na wa Afrika Mashariki pungufu sana ya wageni wengine, ila si kwa maneno matupu. Ukifika mwaloni, salimu kwanza, "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi), ndipo uulize bei. Anayeanza na bei huitwa mgeni, na hutozwa kama mgeni.

Upepo kabla ya yote

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa baridi huteremka kutoka pande zote za Nalubaale kuelekea katikati, hukutana huko, hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Mengi ya mawingu hayo husogea upande wa magharibi, ndiyo maana Entebbe hunyeshewa alfajiri au asubuhi wakati watu wa Kampala bado wanatembea pakavu. Jua likipanda mambo hugeuka. Nchi kavu hupata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na kuanzia saa tano au sita mchana mawimbi hukua mpaka jioni.

Kabla ya safari yoyote ya maji, toka nje saa kumi na mbili na nusu utazame ziwa upande wa mashariki na kusini. Anga ikiwa safi, ondoka mara moja na upange kuwa umerudi nchi kavu kabla ya saa sita. Ukiona wingu jeusi lenye kitako bapa limelalia maji, na chini yake pazia la kijivu, kunywa chai yako taratibu. Dhoruba nyingi za asubuhi hupita katika saa moja au mbili, kisha maji hutulia. Ukiwa tayari majini, na katikati ya joto upepo wa baridi ukakupiga ghafla usoni, hiyo ndiyo dalili ya mwisho. Mwambie nahodha aelekee ufuko ulio karibu zaidi, hata kama siko mlikokuwa mnakwenda.

Mtumbwi nao hukaguliwa kabla ya kupandwa. Kila mtu awe na jaketi okozi lake, lenye mikanda inayofunga kweli, na la mtoto liwe la ukubwa wa mtoto. La mtu mzima humvuka kichwani mara aangukapo majini. Watu wote wakishaketi, ukingo wa boti ya injini inayovuka maji wazi uwe juu ya maji angalau shibiri mbili. Angalia kama kuna makasia mawili ya akiba na kopo la kuchota maji. Kikikosekana kimoja, ngoja boti nyingine, hata kama abiria wote wanakutazama. Chombo cha starehe kilichozama upande wa Mukono Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30 kilikuwa kimejaza kupita kiasi, na wengi waliokuwemo hawakuwa wamevaa jaketi.

Asubuhi ya bustani

Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa 1898 na ina ukubwa wa hekta 40 hivi, ikiteremka kutoka mtaani mpaka majini. Imeelekea mashariki, kwa hiyo hapa ni mahali pa mawio, si pa machweo. Wanaokuja jioni kutafuta jua linalozama hulikuta liko nyuma yao.

Ingia mara lango linapofunguliwa, upite polepole kwenye nyasi za juu. Mbega hukaa vileleni wakiota jua saa hizo, na huonekana vizuri kuliko saa nyingine yoyote. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona, maana sauti yao ni kama ya mtoto anayelia kwa hasira. Ukishuka kwenye michikichi iliyo karibu na maji, tazama juu: yuko tumbusi mweupe na mweusi anayekula nyama ya mbegu za michikichi, jambo ambalo ndege wa jamii yake hawalifanyi. Kisha ingia kwenye kipande cha msitu wa asili kilichobaki pembezoni mwa ziwa. Humo simama dakika kumi bila kusema. Ukiwa mwendoni ndege hunyamaza, na ukitulia huanza tena.

Mambo mawili huharibu matembezi haya. La kwanza ni kavera. Tumbili wa bustani wamejifunza kwamba mchakacho wa mfuko wa plastiki maana yake ni chakula, na watakuvamia hata kama umebeba daftari. Weka vitu ndani ya mkoba wa kitambaa unaofungwa. La pili ni siafu, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi kabla ya kuingia msituni, na usisimame bila kuangalia chini. Saa mbili zinatosha.

Mwenye watoto anaweza kuunganisha na kituo cha elimu ya wanyamapori kilicho jirani, ambacho kilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Uliza langoni saa za kulisha wanyama, na upange matembezi yako yafuate saa hizo. Simba aliyeshiba akalala ni simba mgongo tu. Kisiwa cha Ngamba, kilomita 23 kutoka mjini, chenye sokwe waliookolewa tangu 1998, ni safari ya gharama kubwa zaidi na inastahili mara moja. Mwenye mafua au kikohozi asiende, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaua sokwe.

Samaki: mwaloni hadi karaini

Hili ndilo jambo ambalo mkaaji wa Entebbe anapaswa kulijua vizuri kuliko mtu wa mji mwingine wowote wa Uganda, na ndilo wengi hulinunua vibaya.

Mialo ya kuendea ni Nakiwogo, Kigungu na Kasenyi. Wavuvi wa nyavu hutega jioni na kuzitoa alfajiri, kwa hiyo mitumbwi hufika kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Fika saa hizo, ukiwa na ndoo yenye mfuniko na barafu kidogo, au gunia la katani lililoloweshwa maji. Samaki aliyewekwa juani juu ya ubao hubadilika haraka sana, na akishafika saa sita hakuna ndimu ya kumwokoa.

Majina kwanza, kwa aliyetoka pwani au Tanzania. Sato hapa ni ngege. Sangara ni mputa. Dagaa wa ziwa ni mukene. Na ukisikia mtu anauza mamba, si yule mnyama mwenye meno. Ni samaki mrefu kama nyoka anayepumua hewa, kambare-mamba. Wapo Waganda wasiomla kamwe kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao.

Mkague samaki kwa utaratibu huu. Macho yawe yamejitokeza na kung'aa. Yaliyozama na kuwa na ukungu ni ya jana. Inua shavu: matamvua yawe mekundu ya damu, si ya rangi ya kahawia wala kijivu. Bonyeza mnofu kwa kidole. Shimo likibaki, mrudishe. Magamba yashike, tumbo liwe zima, na harufu iwe ya maji na majani. Muuzaji akikataa usiguse, nenda kwa mwingine bila ugomvi.

Kisha pima. Sheria ya Uganda inataka ngege asipungue sentimita 25 na mputa asipungue sentimita 50, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Weka alama ya urefu huo kwenye mpini wa mwavuli au ukanda wa mkoba. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia sheria hii ziwani na mialoni, na aliyekutwa na samaki wachanga hupata matatizo awe mvuvi au mnunuzi. Sababu ya msingi iko wazi: samaki aliyevuliwa kabla ya kuzaa hana wa kumrithi. Watu wanaonunua "watoto" kwa kuwa ni bei nafuu ndio hao hao wanaolalamika kwamba ngege wakubwa wamepotea.

Mputa wakubwa huenda viwandani, minofu ikasafirishwa nje. Kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama pembeni, huuzwa kwa jina la mgongo wazi, na ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwa mchuzi. Chemsha kichwa kimoja kwa moto mdogo dakika 40 na nyanya, kitunguu, tangawizi na chumvi, bila mafuta. Kichwa kina mafuta yake.

Mukene wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti na mukene huadimika na kupanda bei. Nunua siku za mwezi mwandamo. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu, si waliotandazwa chini, maana mchanga ukishaingia hautoki hata kwa maji saba. Chukua wachache mkononi, wasugue, wapulize: kiganja kikibaki na chembe, acha.

Sasa ngege wa kukaanga, yule mzima anayeletwa mezani akiwa mkavu nje na laini ndani. Kwa watu wawili:

1. Chukua ngege wa gramu 700 hadi 800. Paa magamba kuanzia mkiani, toa matumbo na matamvua. Matamvua yakibaki huleta uchungu kichwani, na kichwa ndicho mgeni wa heshima huanza nacho.
2. Mkate mistari mitatu ya kuvuka kila ubavu, mpaka kisu kiguse mfupa. Bila mistari hiyo nje huungua mgongo ukiwa mbichi.
3. Msugue kwa kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, ndimu moja na tangawizi iliyotwangwa, ndani ya mistari na tumboni pia. Mwache dakika 20, si saa mbili. Ndimu nyingi kwa muda mrefu hufanya nyama iwe kama imechemshwa.
4. Mfute kwa kitambaa mpaka awe mkavu kabisa, kisha mtundike au mweke kwenye wavu dakika 10. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Samaki mwenye maji hurusha mafuta, hushika karai na hupasuka ngozi.
5. Pasha lita moja na nusu ya mafuta kwenye karai. Tumbukiza kipande cha kitunguu: kikizama na kukaa, bado, kikipanda mara moja kikichemka, tayari, kikiwa cheusi papo hapo, punguza moto.
6. Mteremshe kwa kumshika mkia, kichwa kikitangulia, ukimwelekeza mbali nawe. Usimguse kwa dakika 6. Akiwa tayari kugeuzwa huachia karai mwenyewe.
7. Mgeuze, dakika 5 au 6 tena, mtoe. Ngoja dakika 5, ongeza moto, mrudishe dakika 2. Huko kurudishwa ndiko kunakompa ule ukavu wa ufukweni.

Mle na kachumbari, gonja (ndizi tamu za kupikwa) au viazi vya kukaanga, kwa mikono. Ukiamua kula ufukweni badala ya kupika, mchague samaki wako mwenyewe akiwa mbichi, mkubaliane bei ya huyo hasa kabla hajaingia jikoni, na ujue ni dakika 45 za kungoja. Anayeletwa baada ya dakika 10 alikaangwa mapema.

Mabamba na bulwe

Kinamasi cha Mabamba kiko ng'ambo ya ghuba, na tangu 2006 kimo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Watu husafiri kutoka Ulaya kumwona korongo-nyangumi, ambaye wavuvi humwita bulwe, ndege wa kijivu anayefika kiunoni mwa mtu mzima au juu zaidi, mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Mkaaji wa Entebbe humfikia na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Zamani wavuvi wa hapa walimchukia. Waliamini ukimwona asubuhi hutapata samaki siku hiyo, na walimuua. Leo wao wenyewe ndio waongozaji, na bulwe hai huwalisha. Ndiyo sababu ya kulipa ada mwaloni bila kutafuta njia za panya.

Safari huenda hivi. Kuwa Nakiwogo saa kumi na mbili na nusu, upande boti ya kuvuka kwenda upande wa Buwaya. Ng'ambo, chukua bodaboda hadi mwalo wa Mabamba, na kubaliana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi. Ukilipa yote utarudi kwa miguu. Mwaloni jiandikishe, lipa, uchukue mtumbwi na mwongozaji wa chama chao. Kama kuna chaguo, chukua wa makasia. Injini hukwama kwenye mafunjo na sauti yake humtorosha uliyemfuata. Mkiwa na wa injini, mwombe mwendeshaji aizime mara mnapoingia vichochoro vyembamba.

Mnayemtafuta hatembei sana. Husimama pembeni mwa maji wazi, kwa sababu kambare-mamba lazima apande juu kuvuta hewa, na hapo ndipo hudakwa. Elekezeni macho kwenye mipaka ya mafunjo na maji, mkitafuta nguzo ya kijivu isiyotikisika. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa nne. Baada ya hapo joto hupanda, naye huruka juu na kuzunguka na hewa, au hujificha.

Vaa rangi za majani au udongo. Kaa chini wakati wote. Anayesimama apige picha ndiye anayewaogesha wenzake. Zima mwanga wa kamera na mlio wa simu. Akianza kuondoka hatua kwa hatua, mmemkaribia mno, rudini nyuma. Na usimshawishi mwongozaji kwa noti akusogeze kwenye kiota, maana bulwe hulea kifaranga mmoja tu mara nyingi, na akikimbia kiota jua humaliza kazi.

Kinachoharibika zaidi ni njia yenyewe. Baada ya mvua kubwa, visiwa vya mafunjo hung'oka na kuelea, vikafunga vichochoro vilivyokuwa wazi jana. Mtasukuma mtumbwi kwa mti, na saa mbili zitakuwa tatu. Beba maji, kofia na koti la mvua, na usipange mkutano wa saa tano siku hiyo. Msipomwona bulwe, bado mtaona ndege wadogo wenye vidole virefu wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi kama wako sakafuni. Kuanzia Oktoba hadi Machi, ndege waliokimbia baridi ya kaskazini hujaa. Miezi hiyo ghuba ya Lutembe, kando ya barabara ya kwenda Kampala, nayo inastahili asubuhi yake, kwa wingi wa membe wanaofunika maji.

Rolex ya Kitoro

Ukirudi na njaa, pita Kitoro. Rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyokunjwa ndani ya chapati, ikiwa nzuri hutambuliwa kabla ya kuonja: chapati zimefunikwa kwa kitambaa na bado zina joto, kabichi inakatwa mbele yako, mayai yanavunjwa sasa hivi. Agiza mayai mawili kwa chapati moja. Kitunguu, kabichi na pilipili hoho viingie ndani ya kikombe cha mayai, kijiko kimoja cha kila kitu, na chumvi. Nyanya isiingie humo. Maji yake hulegeza yai. Ikatwe vipande vyembamba, iwekwe mwishoni.

Siri yote iko kwenye sekunde chache. Chapati huwekwa juu ya yai wakati uso wa yai bado ni mbichi, ili vishikane. Chapati ikiwekwa yai likiwa limeshaiva, ukikunja vinaachana na unakula vitu viwili. Ikigeuzwa, nyanya na chumvi kidogo, kunja kwa nguvu. Kwa nyumbani: vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, maji ya vuguvugu robo tatu ya kikombe hivi. Kanda dakika 10, uache dakika 30 ukiwa umefunika. Usipouacha upumzike, chapati hujirudi kila unapoisukuma na hupasuka ukiikunja.

Kuingia majini

Watu wa hapa huogelea, na ni vyema kujua wanaingia kwenye nini. Kichocho cha tumbo kipo katika ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi na mafunjo, hutoka kwa wingi kuanzia katikati ya asubuhi hadi mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kwa hiyo usiingie kando ya mialo wala penye majani, na usiwaache watoto wacheze saa nzima kwenye maji ya magotini, ambayo wazazi hudhani ndiyo salama. Kujifuta kwa nguvu mara utokapo husaidia kidogo, si cha kutegemea. Maji ya ziwa ya kuogea nyumbani yakikaa siku mbili ndani ya pipa lenye mfuniko, vijidudu hivyo huwa vimekufa.

Aliyeingia apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Mapema zaidi kipimo huweza kutoonyesha kitu. Dawa ni praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mtu, na hutolewa na mhudumu wa afya. Anayekaa ziwani maisha yake yote aifanye desturi ya kila mwaka. Kwa wanaotaka kuogelea bila hesabu hizi, mabwawa ya hoteli za mjini hupokea wasio wageni wao kwa malipo.

Usiku mbili Kalangala

Meli ya MV Kalangala kwa ratiba yake ya miaka mingi huondoka Nakiwogo saa nane mchana, hufika Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala baada ya saa tatu na nusu hivi, na hurudi saa mbili asubuhi. Piga hesabu: anayelala usiku mmoja anaona jioni moja tu, tena giza linamkuta mlimani. Lala mbili.

Uliza siku moja kabla kama meli inafanya kazi, kwani husimama kwa matengenezo. Ijumaa fika saa sita mchana. Kaa upande wa kushoto unapokwenda. Jua la alasiri hupiga kulia. Asubuhi ya kwanza panda kwa miguu kutoka Lutoboka hadi mji wa Kalangala ulio mgongoni mwa kisiwa, utazame vingine kati ya visiwa 84 vya Ssese vikijitokeza ukungu unapoondoka. Sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imegeuzwa mashamba ya michikichi. Utaiona tofauti kwa masikio, kwa sababu kwenye michikichi ni kimya. Meli ikiwa imesimama, zunguka kwa Masaka hadi Bukakata, ambako kivuko cha bure huvusha hadi Luku. Boti za mizigo za Kasenyi huenda visiwani pia, lakini hizo ni za aliyezoea.

Machweo ya Kigungu

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na ushei mwaka mzima, kwa hiyo fika Kigungu saa kumi na moja na nusu. Ufuko huu umeelekea upande unaostahili. Hapa ndipo walipotua Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879, na Wakatoliki hukusanyika kila mwaka siku hiyo. Lourdel alikuwa Mfaransa. Waganda walisikia "mon père" (baba yangu) wakamwita Mapeera, na jina likabaki. Jina la mji wenyewe ni la zamani zaidi: entebe ni viti kwa Kiganda, na inasimuliwa kuwa Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, alikaa kwenye viti vya mwambani pembezoni mwa ziwa akiamua mashauri ya watu.

Anza kurudi mara jua linapozama, kabla giza halijafunga njia. Siku nyingine utaona nguzo kama za moshi zimesimama juu ya maji. Hizo ni sami, wadudu wadogo wa ziwa wanaotoka kwa mamilioni, mara nyingi mwezi unapoandama. Hawaumi, ila huingia puani, na dereva wa bodaboda asiyevaa miwani hushindwa kuona. Usiku wa namna hiyo funika chakula na maji, funga madirisha yanayotazama ziwa, na ukifika nyumbani zima kwanza taa ya nje, ndipo ufungue mlango.